Cheti cha Unyonge

Ilikuwapo nchi moja, na kama haikuwapo basi haya hayakumpata mtu, tushukuru. Ilikuwa nchi nzuri. Redio yake ilisema hivyo kila asubuhi kabla ya taarifa ya hali ya hewa, na hali ya hewa ndiyo peke yake iliyothubutu kubisha.

Katika nchi hiyo hapakuwa na shule mbovu hata moja. Zilikuwa zimepigwa marufuku. Kisha mwaka mmoja Mheshimiwa Mkuu akasafiri ng'ambo, huko akasikia kwamba wenzake wana shule dhaifu na wanazisaidia, akaona wivu. Aliporudi, hata viatu hajavua, akatangaza kwamba na yeye atakuwa nazo.

"Kuanzia leo," alisema, "katika kila shule ishirini, moja itakuwa dhaifu. Itatambuliwa, itapewa Cheti cha Unyonge, na itasaidiwa mpaka iombe radhi."

Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akauliza, je, katika hizo ishirini zikitokea dhaifu mbili? Akaelezwa kwa upole, na tangu siku hiyo hajauliza tena.

Habari hizo zilimkuta Bibi Sikudhani akikoroga uji. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu nyuma ya Shule ya Msingi Mkwichi, na hapo alikuwa amekoroga miaka kumi na minne. Alisoma hapohapo mpaka darasa la tatu, enzi ambazo ukuta wa darasa la pili ulikuwa bado umesimama kama ukuta. Siku hizi ulikuwa umetunga tumbo kuelekea ndani, tumbo la mimba ya miezi minane, na miti mitatu imeegemezwa kuuzuia. Watoto walijua: mti mmoja ukilia, unatazama juu, miwili ikilia, unafunga daftari, yote mitatu ikilia, unakimbia. Somo hilo halikuwamo kwenye mtaala, lakini ndilo pekee ambalo darasa zima lilikuwa likifaulu.

Chini ya tumbo lenyewe alikaa Somoe, mjukuu wa Bibi Sikudhani, miaka saba, yatima wa mama. Alikaa pale kwa sababu alikuwa mdogo, na wenye viwiko walishachukua nafasi za mlangoni.

"Mwalimu," Bibi alimwambia Mwalimu Mkuu Chilumba, "ule ukuta umeshiba. Watoe watoto."

"Niwapeleke wapi, Bibi? Darasa la tatu wapo tisini na wawili. Wengine wanaandikia migongo ya wenzao."

"Nje. Kwani nje kumefungwa?"

"Kumefungwa. Waraka namba tisa." Mwalimu aliujua kwa moyo, kama sala. "Ni marufuku kufundishia chini ya mti, au kwenye kivuli cha mti, au mahali popote ambapo mgeni anaweza kupiga picha."

"Basi wangu nibaki naye nyumbani."

"Mtoto asipofika, mlezi analala mahabusu siku tatu. Bibi yangu, mimi mwenyewe sipendi. Ila sasa kuna hiki cheti. Tukikipata wataleta saruji. Mtambuzi anakuja Jumatano."

*

Hapa inabidi watu wa Mkwichi waelezwe kidogo, maana wana mila moja ambayo imewatia hasara kuliko panya. Kwao mgeni haonyeshwi shida. Mgeni akija, kiti kinaazimwa nyumba hii, vikombe nyumba ile, kuku kwa yeyote mwenye kuku. Na mgeni akiondoka kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, isipokuwa kuku. Mtu aliyefiwa asubuhi, mgeni akimfikia mchana na kuuliza hali, ataambiwa nyumbani wazima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo, na hakuna aliyewahi kuwahesabu wenyeji waliopona.

Sasa barua ya Wizara ilianza hivi: "Mgeni rasmi atawasili siku ya Jumatano." Ilikuwa na kurasa nne zaidi za vigezo na viashiria, lakini watu walishika neno la kwanza wakaliacha lililobaki lijisome.

Bibi Sikudhani ndiye aliyeongoza. Jumatatu wanawake walileta udongo, Jumanne wakaleta chokaa. Ufa uliokuwa ukipitisha mkono aliuziba kwa matambara ya gunia, akakandika, akasawazisha kwa kiganja mpaka tumbo la ukuta likaonekana kama ufundi uliokusudiwa. Ile miti mitatu aliivisha makuti na maua, kama ya arusini. Madawati thelathini yaliazimwa shule ya ng'ambo ya mto yakaja vichwani, na katika madawati hayo wakaazimwa pia watoto kumi na wawili wanaojua kusoma.

"Bibi," Mwalimu Chilumba alimnong'oneza, "tunatakiwa tuonekane wanyonge."

"Unyonge ataambiwa, Mwalimu. Lakini hawezi kuingia akaukuta umelala mlangoni. Mimi sikulelewa hivyo."

Mgeni akafika. Aliitwa Bwana Lihumbo, na cheo chake kilikuwa Mtambuzi Mwandamizi wa Unyonge wa Kanda na Viunga Vyake. Alipojitambulisha, watu walikaa chini katikati ya cheo wakasimama tena mwishoni. Alizunguka, akatia tiki. Mbele ya ile miti akasimama.

"Nguzo hizi ni za nini?"

Mwalimu akafungua kinywa. Mwenyekiti wa kijiji akamkanyaga mguu.

"Za urembo, mkubwa. Karibu chakula."

Kwenye supu Mwalimu akajaribu tena. "Mkubwa, ule ukuta kwa kweli..."

"Mwalimu!" Bibi Sikudhani alimkata kauli, kwa aibu hasa. "Mgeni anakula."

Mkwichi ilipata alama themanini na moja kati ya mia.

*

Cheti cha Unyonge cha kanda hiyo kilikwenda kwa Shule ya Wana wa Viongozi, iliyoko mjini, ghorofa tatu. Wenzao walikuwa wamejiandaa. Walikodi mtaalamu wa unyonge, akawaandikia maombi ya kurasa mia mbili yenye picha za rangi: bwawa la kuogelea lenye maji ya uvuguvugu, mwalimu wa piano asiyejiamini, mtoto aliyekosa safari ya kuona theluji. Inasemekana Bwana Lihumbo alipofika ukurasa wa arobaini alivua miwani akajifuta. Saruji ikapelekwa, malori matatu. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta wenye ufa, walijenga ukuta kuzunguka bwawa.

Mkwichi ilipata barua ya pongezi. Na kwa kuwa mwenye nguvu hujitegemea, ilikatiwa chaki. Na kwa kuwa mwenye nguvu humsaidia mnyonge, mwalimu wake mmoja kati ya wawili, Mwalimu Asumini, aliazimwa kwenda mjini kumsaidia yule wa piano. Mwalimu Asumini hakuwahi kuona piano. Aliambiwa atalitambua, ni jeusi.

Makuti ya arusi yakakauka kwenye miti. Nyuma ya chokaa, ukuta ukaendelea na safari yake.

*

Bibi Sikudhani akafunga safari kwenda wilayani kwa miguu, kwenda kusahihisha kosa. Aliamini kosa likielezwa vizuri huondoka. Ofisini alimkuta karani, mama mmoja wa heshima, akifuma kitambaa cha meza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusema sisi ni wanyonge."

"Shule gani?"

"Mkwichi."

Karani akafungua faili. "Hapana. Nyinyi mna themanini na moja."

"Ukuta unataka kuanguka."

"Umeshaanguka?"

"Bado."

"Basi hamna tatizo bado, bibi. Mkishalipata, mje."

"Lakini ukianguka utawaangukia watoto."

"Hapo alama zenu zitashuka vizuri sana," karani alisema, akimpa moyo.

Bibi akaomba aione ripoti. Akasoma kama anavyosoma mtu wa darasa la tatu, kidole kikitangulia na midomo ikifuata: "U-ku-ta. Ukuta wa darasa la pili u-me-pambwa kwa ustadi, na ni ki-a-shi-ria cha uongozi bora." Akaisoma tena. Kidole kikabaki palepale.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

"Hongera."

"Sitaki hongera, mwanangu. Nilimficha mgeni ufa. Nikauziba kwa gunia, juu yake chokaa. Mtoto wangu anakaa chini yake."

Karani akaweka kitambaa chini. "Bibi, angalia ulimi. Unasema Mtambuzi Mwandamizi alikuja kutambua, na hakutambua?"

"Nasema alikuwa anakula."

Karani akamtolea Fomu ya Rufaa ya Unyonge, nakala tatu, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: Mtambuzi atarudi.

*

Kuwashawishi watu wa Mkwichi haikuwa kazi ndogo. "Tumvulie mgeni nguo?" aliuliza Mama Kazumari, jirani yake, mwanamke wa maneno. "Aje atukute uchi? Bibi, umeanza kuzeeka vibaya."

"Safari hii haji mgeni," Bibi alijibu. "Anakuja daktari. Daktari haonyeshwi khanga, Mama Kazumari. Anaonyeshwa kidonda."

Akachukua panga, akaukwangua ukuta kwa mkono uleule ulioupaka. Gunia likatoka, na ufa ukafunguka kutoka sakafuni mpaka kwenye paa, mpana kuliko ulivyozikwa.

Bwana Lihumbo akaja mara ya pili. Hakupewa kuku, alipewa chai, na ukuta. Akautazama ufa. Akatazama ripoti yake. Akautazama ufa tena, na uso ukamvimba.

"Mara ya kwanza nilikuta ukuta mzima. Leo nakuta ufa. Nani kauweka?"

"Ulikuwapo, baba. Nilikuwa nimeupaka, sasa nimeukwangua."

"Umeukwangua! Mnasikia? Amekiri! Ameharibu ukuta wa serikali!" Akasimama katikati ya darasa, mkono kifuani. "Wananchi, shule yenye nguvu haiwezi kuwa dhaifu ndani ya miezi mitatu bila hujuma. Takwimu hazianguki hivihivi. Takwimu zinasukumwa!"

Akatoa uamuzi papo hapo. Mwalimu Chilumba alipewa onyo kali la maandishi. Ni marufuku kwa mtu yeyote kuugusa ukuta wa serikali bila kibali, iwe kwa mwiko, kwa panga au kwa mkono. Na ile miti mitatu, ikiwa imesimikwa bila kibali, itachukuliwa kama ushahidi.

"Mkubwa, hiyo miti ndiyo..." Mwalimu alianza.

"Ni ya urembo. Nimeandika."

"Na kuegemea je?" Mama Kazumari akauliza.

"Kuegemea nini?"

"Ukuta wa serikali. Mtu akichoka, akauegemea tu."

Bwana Lihumbo akapekua nyaraka zake kwa haki kabisa, mbele nyuma. "Kuegemea hakujakatazwa," alisema.

Miti ikang'olewa mmoja mmoja, ikapakiwa garini. Wa tatu ulipotoka, ukuta ukapumua. Watoto thelathini na nane wakafunga madaftari kwa pamoja. Kabla hawajasimama, Bibi Sikudhani alikuwa ameshaingia, amegeuka, amekita miguu, na ameweka mgongo.

"Mnangoja nini?" aliwaambia wanawake mlangoni. "Hakujakatazwa."

*

Ikawa zamu. Wanawake sita kwa siku, migongo ukutani, nyuso ubaoni. Jioni madawati tisa ya darasa yalirundikwa pale yakauzuia ukuta usiku kucha. Asubuhi yalihitajika kukaliwa, basi yakaondolewa na wanawake wakaingia mahali pake. Kengele ya shule ilikuwa rimu la gari lililoning'inizwa nje, na hakuna mwanamke aliyetoka ukutani kabla haijagongwa. Walishagundua kwamba sita wanatosha na watano hawatoshi.

Ilikuwa na faida zake. Mama Kazumari alijifunza kugawanya akiwa na miaka hamsini na mbili, akaanza kuwasumbua watu sokoni. Bibi Sikudhani, aliyeishia la tatu, alirudia la pili kwa mgongo.

Kisha masika yakaingia.

Siku ya nne ya mvua, bonge la tofali lilichomoka juu, karibu na paa, likaanguka kwenye dawati la Somoe, juu ya mkono wa kulia uliokuwa ukiandika. Vidole viwili. Somoe hakulia mara moja. Aliviangalia kama vya mtu mwingine. Kisha akageuza shingo kumtafuta bibi yake.

Bibi yake alikuwa hatua nne kutoka pale. Alizihesabu. Upande mmoja alikuwapo Mama Kazumari, upande wa pili mwanamke mwenye mimba, na nyuma yao sita mzigo wenyewe, na mbele yao watoto thelathini na nane.

"Bibi," Somoe aliita.

"Niko hapa, mama. Nakuona. Mpe Mwalimu mkono."

Mwalimu Chilumba akavifunga vidole kwa tambara la kufutia ubao. Bibi alitazama. Hatua nne zile hakuzivuka mpaka kengele ilipogongwa.

Vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Somoe akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikilala kama majani yaliyopigwa na mvua. Ripoti ya robo mwaka iliandika: "Mwanafunzi mmoja amepata stadi ya kuandika kwa mikono yote miwili."

Na habari ya migongo ikafika Wizarani. Huko kulikuwa na shangwe. Kwenye kipengele cha Ushirikishwaji wa Jamii, ambacho nchi nzima ilikuwa ikipata sufuri, Mkwichi ilipewa mia kwa mia. Ukazinduliwa Mpango wa Taifa wa Migongo: kila shule yenye ukuta ihakikishe ina mabibi wa kutosha. Saruji iliyookolewa kwa mpango huo ilikuwa nyingi, na ikapelekwa kule bwawani, ambako ukuta ulikuwa unahitaji kuongezwa urefu. Bwana Lihumbo akapandishwa cheo, kikaongezeka maneno matano. Naye akaandika kwamba atakuja Mkwichi mwenyewe, kuleta ngao ya shaba.

*

"Tuazime kuku?" Mama Kazumari aliuliza. Walikuwa ukutani, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo.

Bibi Sikudhani alikuwa akimtazama Somoe akivuta herufi. "Alikuja mara ya kwanza, alikuwa mgeni," alisema. "Mara ya pili, mgeni. Hii ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Haya."

Wanawake wakatazamana, kama watu waliokumbuka kitu. Maana hakuna mtoto wa Mkwichi asiyejua kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu anapewa jembe.

Akaja, na wingu jeusi nyuma yake. Aliingia darasani na ngao mikononi, akahutubia. "Migongo hii," alisema, "ndiyo saruji ya taifa! Mataifa mengine yana kuta. Sisi tuna mabibi!" Mwalimu Chilumba akapiga makofi mawili, kwa sababu alikuwa na onyo.

"Ahsante, baba," Bibi Sikudhani alisema. "Njoo basi, tupate picha. Hapa katikati yetu."

Picha Bwana Lihumbo alizipenda. Akaja, akageuka, akaweka mgongo kati ya Bibi na Mama Kazumari, ngao kifuani.

"Sogea nyuma kidogo. Kita miguu. Hivyohivyo."

Na Bibi Sikudhani akatoka. Upande wa pili, mwenye mimba akatoka pia.

Viatu vya Bwana Lihumbo vikateleza sakafuni. Ngao ikaanguka. "Mbona kuna uzito?"

"Ndio huohuo."

"Bibi! Rudi!"

"Wewe una nguvu za wawili, baba, na cheo kirefu. Ila usiondoke ghafla. Hao akina mama wanne peke yao hawauwezi. Ukitoka wewe, mmekwisha wote watano."

"Anasema kweli," Mama Kazumari alimhakikishia, jasho likimtoka. "Kwa hesabu ya kugawanya, ni kweli."

Bibi akamshika Somoe mkono wa kushoto. "Bebeni madawati yenu," aliwaambia watoto. "Tunatoka nje, chini ya mti."

Mwalimu Chilumba akasita mlangoni. "Bibi... waraka namba tisa."

"Anayeshika waraka ameshika ukuta, Mwalimu. Toka na chaki yako."

Wakatoka wote thelathini na nane, na madawati tisa, wakakaa chini ya mti kama watu walioruhusiwa. Mvua ikaanza, matone makubwa machache, kisha mengi. Hakuna mtoto aliyetaka kurudi ndani.

Ndani, Bwana Lihumbo alimwomba Mama Kazumari amtolee simu mfukoni, ampigie Wizara, amwekee sikioni. Mama Kazumari akaweka sauti ya juu ili wote wafaidi.

"Natambua!" Bwana Lihumbo alipiga kelele. "Mkwichi ni dhaifu! Dhaifu kabisa! Leteni saruji, leteni miti, leteni vijana! Ukuta unaanguka!"

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, iliyozoea.

"Umeshaanguka, mheshimiwa?"

"Bado!"

"Basi hamna tatizo bado. Ukishaanguka utupigie."

Simu ikakatika. Kikabaki kishindo cha mvua kwenye bati, na juu, karibu na paa, kitu kikisagika taratibu kama jino.

Bibi Sikudhani akarudi na sufuria ya uji na kikombe. Aliwanywesha wale wanne kwanza, mmoja mmoja, kisha akafuta kikombe kwa upindo wa khanga, maana hata hivyo alikuwa amelelewa, akakijaza, akakifikisha mdomoni kwa Bwana Lihumbo. Akanywa, meno yakigonga kikombe. Ndipo Bibi akaweka sufuria chini, akageuka, akakita miguu, na akaweka mgongo wake mahali pake pa siku zote, karibu na ule wa Mtambuzi.

"Kengele saa ngapi?" Bwana Lihumbo aliuliza, kwa sauti ndogo isiyo na cheo.

"Mpaka igongwe, baba."

Na chuma cha kugongea kengele alikuwa nacho Somoe, nje kwenye mvua, mkono wa kushoto, akiwasomea wenzake herufi. Na alikuwa hajafika hata nusu.